Bastola Ndogo ya Bei Kubwa: Kaa Nayo Mkekani Kwanza

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni Mkanaledi, hapa Mtwara, nakunywa kahawa, wakaja vijana wawili ninaowafahamu, wote watu wa korosho, leseni zao bado zinanukia wino. Wakaanza kubishana bastola ipi ni bora: Glock 19 au SIG P365. Huyu anatetea risasi 15, yule anatetea wembamba. Nikawaachia, kahawa ilikuwa nzuri. Mpaka mmoja alipopandisha shati ili mwenzake aone "inavyokaa". Mchana kweupe, mbele ya muuza kashata na bodaboda wanne waliokuwa wanasubiri abiria.

Niliwasema pale pale. Wakaomba radhi, tukacheka, kahawa nikawalipia mimi. Ila usiku usingizi ulikuja kwa shida, maana yule mwenye shati nimemjua. Ni mimi wa mwaka 2012.

Basi haya ni yenu, wadogo zangu wa leseni mpya. Mmeshapita kwa mwenyekiti wa mtaa, mmekaa mbele ya kamati, mmesubiri mkoa, mmesubiri tena. Sheria ya Silaha ya mwaka 2015 mmesomewa. Mnajua leseni inatembea na silaha, mnajua bastola haiendi baa. Hayo siyarudii. Nataka kusema habari ya kuipima bastola yenyewe, hizi ndogo za bei mbaya mnazozikimbilia, kabla hujaifunga kiunoni ukajiona umemaliza.

1. Usinunue kwa kangomba.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa kangomba. Korosho inapimwa kwa bakuli la mnunuzi, mizani imefichwa, na mkulima anagundua ameumia mwisho wa msimu. Bastola nyingi mnazinunua hivyo hivyo. Umesafiri hadi Dar es Salaam, umesimama dukani, kiyoyozi kinakupuliza, muuzaji anakuwekea mkononi, mpini unakaa kiganjani kama ulizaliwa nao. Unatoa hela. Hapo umeshika, bado hujapima.

Twende kwenye mizani. Glock 19 ikiwa na magazini (kile kibebea risasi kinachoingia kwenye mpini) tupu ina kama gramu 670. Tia risasi 15, kila moja gramu 12 hivi, tayari unazungumzia gramu 850. Hiyo ni kilo ya sukari iliyopunjwa kidogo, ining'inie kiunoni tangu alfajiri hadi isha, mwezi wa tatu, joto la Mtwara unalijua. P365 na magazini yake tupu ina kama gramu 500. Ukisikia hivyo unakimbilia ndogo, na sikulaumu. Lakini mtutu wa ile ndogo una milimita 79, wa Glock 19 una 102, na zote mbili zinakula risasi ile ile ya milimita 9. Nguvu ile ile ikisukuma chuma chepesi, mkono ndio unaolipa tofauti. Vilengeo navyo vimekaribiana, kwa hiyo kidole kikitetereka kidogo tu, risasi imeshakwenda kwa jirani. Ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga, na bei haijawahi kuliondoa hilo.

Maoni yangu, mtanisamehe: kama ndiyo bastola yako ya kwanza na mwili wako una nafasi, chukua ya kati. Ile ndogo kabisa ni ya mtu aliyekwisha jifunza kupiga kwa kubwa. Mimi nilianza na ndogo kabisa. Nitafika huko.

2. Bei inanunua nini.

Inanunua chuma kilichotibiwa vizuri dhidi ya kutu, triga isiyokwaruza, magazini zisizokwama, na mara nyingine vilengeo vinavyong'aa gizani. Hivyo vya mwisho kwetu huku si anasa, gesi iko chini ya miguu yetu na umeme unakatika juu ya vichwa vyetu. Ila jueni kuwa mwanga ule unatokana na tritiamu, gesi yenye mionzi, na tritiamu hupoteza nusu ya nguvu kila miaka 12 hivi. Anayekuuzia bastola iliyotumika ya miaka 12 na kukutoza bei ya "taa za usiku", anakutoza taa nzima kwa nusu taa.

Bei hainunui ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola kiunoni. Hainunui mkanda pia. Na hapa ndipo ninapoanza kuumwa tumbo.

3. Ala.

Mwaka 2014, mwezi wa 11, msimu umechanganya. Nilikuwa na bastola ya Ulaya ambayo sitaitaja kwa sababu kosa halikuwa lake: nyembamba, risasi saba, bei yake mke wangu haijui mpaka leo, na akisoma hapa atanisamehe. Baada ya kumwaga hela yote ile nikaona nimetumia vya kutosha, nikanunua ala ya nailoni. Ile laini, ya kubana suruali kwa kipande cha chuma, muuzaji akaniambia inaingia bastola zote. Ni kweli inaingia zote. Kushika, haishiki hata moja. Ukichomoa bastola mdomo wake unalala, na penye triga kulikuwa na kitambaa tu, kidole kinaweza kuisukuma triga kutokea nje.

Siku hiyo nilitoka Nanyamba na hela za wabeba magunia, hela taslimu, bastola kiunoni, sawa. Nikazigawa ghalani, zikaisha. Hapo nilitakiwa nipitie nyumbani Shangani niiweke kwenye sefu. Lakini Mikindani kulikuwa na hitima ya babu wa mke wangu, nimechelewa, na Mikindani ni kilomita 10 tu. Nikajiambia ni muda wa saa mbili tu, nakula ubwabwa narudi. Nikiwa mkweli zaidi, nilipenda kuwa nayo. Ilinifanya nitembee nimenyooka. Na nyie mnajua ninachosema, msijifanye.

Mkwe kwenye hitima hakai. Nikapewa birika na beseni nizungushe maji, watu wanawe. Shati refu, bastola nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Naanza kwa wazee, nainama, namimina, nainuka, naenda kwa mwingine, nainama. Kila nikiinama suruali inaisukuma ala juu kidogo, na mimi sina habari. Nimefika kama kwa mzee wa tano hivi. Nyuma yangu kuna sinia la watoto.

Nikasikia ngwa! Nikadhani ni kijiko.

Birika mkono huu, beseni la maji machafu mkono ule. Nikageuka shingo. Bastola imelala ukingoni mwa sinia, nusu juu ya mkeka, nusu kwenye wali, na mtoto wa shemeji yangu, miaka sita, ameshaweka mkono kwenye mpini. Vidole vina mafuta ya pilau. Chemba ina risasi, tayari kufyatuliwa. Ile bastola haikuwa na sefti ya kubonyeza pembeni. Kama nyingi za siku hizi, ulinzi wake wote uko ndani na kwenye triga yenyewe. Anayeivuta triga, ameiruhusu.

Mimi nilifanya nini? Nilisimama na birika. Sijui niliwaza kuliweka chini taratibu lisimwagike, sijui nini. Pumzi zilinitoka. Aliyefanya kitu ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na watoto, fundi majahazi, mikono yake imekakamaa kwa patasi na tezo. Akavua kofia yake. Akaifunika bastola pamoja na ule mkono wa mtoto, akaubana chini ya kofia ili mdomo wa mtutu usiinuke, umeelekea ukutani. Huku anazungumza. "Hebu nionyeshe nyama yako iko wapi. Hii? Hii ndogo. Nani kakuibia?" Na chini ya kofia anavibandua vidole, kimoja, kingine, kingine. Mtoto anaonyesha nyama kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukatoka mtupu.

Ndipo akaniangalia. Akasema, "Mkwe, maji yanamwagika."

Kweli, beseni lilikuwa limeinama na maji machafu yalikuwa yanatiririka miguuni mwangu juu ya mkeka wa watu. Hakuniambia kingine. Nafikiri kama angenitukana ningekuwa nimekwisha sahau.

Nikatoka nayo nyuma ya nyumba, ndani ya kofia, kama mtu aliyeiba yai. Nikatoa magazini, nikakoki, risasi iliyokuwa chemba ikaruka ikaingia mchangani. Nikapiga magoti na suruali ya hitima nikaanza kuchekecha mchanga kwa vidole, maana siwezi kuacha risasi nyuma ya nyumba yenye watoto wale. Nilichukua muda mrefu. Wanawake jikoni wananiona. Mmoja akauliza kama nimepoteza pete.

Jioni nilipoifungua kuisafisha nilikuta punje ya wali. Ilikuwa imenasa ndani ya kikingio cha triga, kwa mbele kidogo. Niliiweka juu ya gazeti nikaiangalia. Kwa hiyo vidole vya mtoto, au angalau wali wa vidole vyake, ulifika mle.

Kofia niliifua nikamrudishia mzee pamoja na mpya. Mpya akampa mjukuu. Ile ya zamani akaendelea kuivaa. Na mama mkwe, mpaka leo, nikibisha hodi haulizi habari za nyumbani kwanza. Anachungulia, anauliza, "Umekuja peke yako?" Anatabasamu, lakini anasubiri jibu.

Niliiacha kwenye sefu miezi minne bila kuibeba. Katika miezi hiyo nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kuinunua. Jioni, nyumba tulivu, bastola tupu iliyokaguliwa mara mbili, risasi ziko chumba kingine, nikatandika mkeka sebuleni. Nikakaa kitako kama kwenye msiba. Nikainuka. Nikasujudu. Nikachuchumaa. Nikashika beseni la maji nikainama mara 20. Kwa ala ile ya nailoni, bastola ilitoka mara ya saba. Mara ya saba tu! Dakika tano za mkeka zingeniambia kila kitu, na mimi nilisafiri zaidi ya kilomita 500 kwenda kuinunua nikiwa nimesimama.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa. Mengi mnayosoma yameandikwa na watu wanaokaa kwenye viti, wanaotoka garini na kuingia ofisini. Hawajui jamvi, hawaendi choo cha kuchuchumaa, hawapandi bodaboda ya Naliendele kwenye makorongo wamemkumbatia dereva. Sisi tunakaa chini. Bastola inayokaa vizuri ukisimama na kukuchoma ubavu ukikaa chini, utaanza kuiacha ndani ya gari, na ikikaa ndani ya gari imeshakuwa ya mwizi.

Ala inayofaa ni ngumu, imefinyangwa kwa ajili ya bastola hiyo hiyo na si ndugu yake, inafunika triga yote, na ukiigeuza juu chini na bastola tupu ndani ukaitikisa, haitoi. Mkanda uwe mnene. Mikanda ya ngozi ya mtumba ni mizuri kuliko mingi ya dukani.

4. Choo.

Amua kabla ya kuingia itakaa wapi. Kuna mwenzetu wa Lindi alilazimika kubomoa choo cha shimo mchana, majirani wamejaa, na maelezo aliyoyatoa kituoni sikuyaomba nikayasikia mara tatu.

5. Kutu haiheshimu bei.

Wakati wa ule uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 tulipanga foleni, kila mtu na chake. Mbele yangu bwana mmoja ana bastola ya kifahari, mpini wa mbao, imekaa ndani ya ala ya ngozi nzuri. Askari akamwomba aioneshe kuwa ni tupu. Akavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma. Haikwenda. Akavuta tena, akaiegemeza tumboni. Foleni nzima ikarudi hatua mbili nyuma, mimi wa kwanza. Ilipokuja kufunguka ilitoa unga wa rangi ya udongo wa Newala. Alikuwa anaihifadhi ndani ya ala ya ngozi, na ngozi inanyonya jasho na chumvi na kuvitunza vizuri kuliko benki.

Upepo wetu una chumvi, kusi na kaskazi. Jasho lako lina chumvi. Ukibeba kila siku, futa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha. Kidogo, usiikaange. Angalia skrubu za vilengeo na magazini, kutu huanzia huko. Ndani ya sefu weka bastola bila ala.

6. Hakuna bastola ya kuaminika ambayo hujaipiga.

Hili nalisema na watu wananiona bahili wa maneno na mfujaji wa risasi. Bastola mpya, hata ya bei gani, ibebe ukishaipiga risasi kama 200 uwanjani bila kukwama, zikiwemo za aina ile ile utakayoibeba. Ni hela, najua. Gawa kwa awamu. Hizi ndogo zina springi ngumu na slaidi fupi, ukilegeza kifundo cha mkono inakwama, halafu unailaumu kampuni. Kijana mmoja niliyempeleka kupiga alikwama mara nne katika magazini ya kwanza, akasema amepigwa, ameuziwa feki. Nikaichukua, nikapiga magazini mbili, ikaenda kama cherehani. Nikamrudishia, nikamwambia aishike kama anavyoshika usukani wa fuso lake kwenye mteremko wa Rondo. Haikukwama tena. Hakuniomba radhi, lakini chakula cha mchana alinunua.

7. Yaliyobaki, haraka haraka.

Magazini itoke kwanza, ndipo ukoki, halafu angalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Ukigeuza mpangilio huo unakuwa umerudishia risasi chemba kwa mkono wako mwenyewe.

Risasi moja usiiingize na kuitoa chemba kila siku: kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, na ikipigwa presha inapanda kuliko kawaida.

Shati la kitenge linaficha mchoro wa bastola, jeupe linautangaza.

Usiiguseguse. Kila mwizi wa stendi anajua maana ya mtu anayejipapasa kiuno akipita kwenye msongamano.

Msuli wa kujifunga kiunoni na bastola havichangamani, chagua kimoja.

Nyumbani ni sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani. Chini ya mto si mahali.

Ukienda kwenye hitima, iache. Ukienda harusini, iache. Ukijiuliza kama uiache, umeshajijibu.

Yule kijana wa Mkanaledi alinipigia simu juzi, sauti ya upole, anauliza ala nzuri inapatikana wapi. Nikamuuliza ya sasa ni ya aina gani. Akasita. Nikamwambia, ya nailoni? Akasema, "Kaka, umejuaje?"

Anakuja Jumapili. Nimemwambia bastola aje nayo tupu, risasi aziache kwenye sefu lake, leseni mfukoni, na njaa asiisahau. Shemeji yake atapika ubwabwa. Mkeka ninao, na birika, na beseni.